Ramani Iliyofunguka Jumatano

Jumatano saa nne asubuhi, katika chumba chake cha kuchorea ramani pale Utemini, Febronia alitoa kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta, akaiwasha. Programu mpya ya kuchorea ilikataa kufunguka. Deo, fundi aliyeiingiza, alikuna kichwa.

"Mama, mfumo endeshi huu ni wa zamani. Hata waliouunda wameshaususa. Programu inataka mashine mpya."

"Subiri kidogo. Baba Editha hajafika."

Baba Editha ni Alute, mumewe, waliyemzika Ihanja mwezi Machi. Alifika saa nne na robo, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee," alisema Deo, akampisha kiti.

"Marahaba. Inasumbua?"

"Inasema haiitambui hii mashine."

"Hata mimi siku hizi ofisini hawanitambui."

Alute aliweka kiganja juu ya mashine, kama mtu anayempapasa ndama mgonjwa. Programu ikafunguka.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya kwao wenyewe. Mwekezaji wa kiwanda cha kukamua alizeti alikuwa ameomba eneo la ukoo wa Alute kule Ihanja, na ramani iliyokuwepo haikuonyesha kaburi hata moja. Aliyeichora ni Alute, miaka mitatu kabla ya kufa. Makaburi aliyaacha kwa kuwa kwao marehemu hawaandikwi kwenye karatasi kama mbuzi wa mnadani. Tena kila mtu alijua walipolala, ndani ya ua wa minyaa. Ofisi ya ardhi ilitaka ramani mpya kabla ya Ijumaa, na ilipokea zile tu zilizochorwa kwa programu hiyo.

Alute alichora polepole. Babu. Bibi. Baba yake. Watoto wawili wa surua. Shangazi Rahabu. Alipofika kaburi la saba alimgeukia mkewe.

"Mlinilaza kichwa upande gani?"

"Magharibi, uso mashariki. Ulipenda jua la asubuhi."

"Mmefanya vizuri," alisema, akaandika jina lake.

Alhamisi Febronia aliipeleka ramani. Karani aliisifu kwa usafi wake, akaigonga muhuri, akasema eneo lilishatolewa tangu Jumatatu. Kiwanda kilijengwa kabla ya mvua. Sakafu ilimwagwa juu ya wote saba.

Febronia huenda Ihanja kila mwezi, ramani mkononi. Mlinzi humfungulia geti. Hupima hatua kutoka kona ya ukuta, akapita kati ya magunia, akawasalimu mmoja mmoja, kila mtu mahali pake. Safari ya kwanza alikuta magunia yamepangwa juu ya shangazi Rahabu, akaomba yasogezwe. Yalisogezwa. Safari ya pili yalikuwa yamerudi.

Mwisho husimama karibu na mashine ya kukamua, bila kukosea hata unyayo mmoja.

"Asante, Baba Editha," husema. "Bila wewe ningekuwa nasalimia saruji tu."

Wafanyakazi huizima mashine mpaka amalize, kisha huiwasha tena.