Buu kwenye Kabati la Nesi

Baba yangu hachagui mbao kwa macho. Huuacha ubao juani mpaka upate joto, kisha huulazia sikio kama daktari anayepima kifua. Anamtafuta yule mdudu wa msituni mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake, ambaye karakanani kwetu tunamwita Bwana Masharubu. Jike hutaga mayai kwenye gome la mti ulioanguka. Buu likianguliwa hujichimbia ndani, likakaa humo likila miaka miwili, mitatu, wala halina haraka na mtu. Likipata joto, hutafuna kwa sauti. Ukilisikia, ubao huo unarudishwa ulikotoka.

Hivyo ndivyo Baba alivyojijengea jina. Na mimi, binti yake na mpiga vanishi wake, nilijua mwaka mzima kwamba masikio yake hayafanyi kazi tena. Nilikuwa nangoja aende kunawa mikono, ndipo nizisikilize mbao upya, mbovu nizifiche nyuma ya banda. Kumwambia? Thubutu! Mtu ambaye ukimwambia shati lake limechanika ananuna siku mbili. Kisha homa ikanilaza kitandani wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo aliyotengeneza kabati la nesi wa mtaani kwetu.

Nesi alitujia asubuhi moja, amefura.

"Fundi, kabati lako linatafuna! Kila nikifungua mlango nakuta unga wa mbao kwenye sare zangu."

"Kabati langu?" Baba akacheka. "Mama, hao ni panya wako."

Tukaenda kwake. Kabati lilikuwa karibu na dirisha, jua linalipiga ubavuni. Hata sijavua viatu, nikasikia: kr, kr, kr. Baba akapiga magoti, akaweka sikio, akafumba macho. Buu lilikuwa linachapa kazi kama limeajiriwa.

"Hakuna kitu," akasema.

Nesi akanitazama. Ningeweza kusema na mimi sisikii. Nilimwonea Baba huruma, na papo hapo nikamkasirikia kwa ukaidi wake.

"Baba, limo," nikasema kwa nguvu. "Tunalisikia sote wawili."

Hakuinuka. Nesi, Mungu ambariki, akasema anakwenda kubandika chai.

"Hili nililitengeneza ulipokuwa unaumwa," Baba akasema taratibu.

"Ndiyo, Baba."

"Na yale mengine, ambayo hayana wadudu... ulikuwa unasikiliza wewe."

"Nilikuwa narudia tu."

Nikasubiri anune. Moyoni nilisema, anune hata mwezi, nitavumilia. Lakini alisogea kando kwa magoti yaleyale, akanipisha mbele ya kabati.

"Liko wapi?"

Nikasikiliza, nikaweka kidole. Akachora alama kwa penseli, akashika patasi, akachonga taratibu mpaka likatokea: jeupe, nene, kichwa cha kahawia. Alilipakata kiganjani, likijikunja na kujikunjua.

"Linasikikaje?" akaniuliza. "Hebu niigizie. Nimeanza kusahau."

Nikasogeza mdomo sikioni mwake, nikamwigizia. Akatikisa kichwa, hajasikia. Nikapandisha sauti, nikapandisha tena, mpaka nesi akaja mbio na birika mkononi kuuliza nani kaumia. Baba alikuwa bado ameniinamishia sikio, anangoja.