Saa Elfu Nne za Msitu

Chumba cha kompyuta kilikuwa baridi mwaka mzima, na mwanamke aliyekitunza alivaa sweta hata jua la nje lilipowaka kama tanuri. Humo zilikaa mashine mia na ishirini kwenye makabati marefu meusi, zikivuma kwa sauti moja, sauti ambayo ukiisikiliza sana unaanza kudhani inatoka kifuani mwako. Taasisi nzima ya utafiti ilizitumia, na hakuna aliyekuwa na mashine yake mwenyewe. Kila mtu alituma kazi yake akitaja mambo mawili: anataka mashine ngapi, na kwa muda gani. Kisha programu ya foleni iliamua nani aingie, nani angoje. Watumishi waliiita Bibi Zamu, maana haikujua haraka wala kujuana, na aliyekula sana mwezi uliopita ilimrudisha nyuma bila hata kumtaka radhi.

Jumatatu mchana aliingia dada wa mtunzaji huyo. Alikuwa mtafiti wa ndege, na viatu vyake vilikuwa bado na tope la msituni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kazi yangu iko wapi?"

"Kwenye foleni. Ya kumi na saba."

"Juzi si ilikuwa ya kumi na sita!"

"Mwezi uliopita ulitumia mashine nyingi. Bibi Zamu hasahau."

Dada akavuta kiti, akaketi kwa uchovu. Vinasa sauti vyake vilikuwa vimening'inia mitini katika mabonde matatu, vikakusanya saa elfu nne za msitu. Ndani ya saa hizo alimtafuta ndege mmoja wa kijivu, mdogo kama kidole gumba, ambaye hakuna aliyemsikia kwa miaka kumi na moja. Ijumaa gari lingerudi msituni, safari ya mwisho kabla ya mvua kufunga njia. Kama angelijua bonde alimo ndege huyo, angepeleka vinasa vyote huko. Asipolijua, ni kubahatisha.

"Ufunguo wa foleni unao wewe," alisema taratibu. "Andika mstari mmoja tu, niwe wa kwanza. Nani atajua?"

Ilikuwa kweli. Mtunzaji aliweka vidole juu ya vibonye, akavitazama kama si vyake. Mbele ya dada kwenye orodha alikuwapo daktari aliyetafuta dawa ya watoto, na mwanafunzi aliyekuja kila asubuhi kuulizia zamu yake, akaambiwa bado, akashukuru.

"Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Ulipougua surua nilikubeba mgongoni mpaka zahanati."

"Najua. Na hao walio mbele yako, nao kuna mtu aliyewabeba."

Dada aliinuka akaenda mpaka mlangoni, lakini hakutoka. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha kabati, na vijitaa vya kijani vikampita machoni kama vimulimuli. Mtunzaji alisoma ombi lake upya, polepole: mashine thelathini, siku saba mfululizo.

"Hizi siku saba umezitoa wapi?"

"Nimekadiria tu. Afadhali zizidi kuliko zipungue."

"Na mashine moja husikiliza saa moja ya msitu kwa muda gani?"

"Dakika nne. Tano."

"Saa ya pili lazima iisubiri ya kwanza?"

"Hapana. Kila moja inajitegemea."

Mtunzaji akacheka. "Kumbe! Unang'ang'ana kumpitisha tembo mlangoni, na kazi yako yote ni siafu!"

Akamwonyesha kwenye skrini. Zamu iliyofuata ilikuwa ya watu wa hali ya hewa, walioomba mashine mia kwa pamoja. Lakini mashine hazikumaliza kazi zake kwa wakati mmoja, kwa hiyo iliyomaliza mapema ilikaa bure ikisubiri wenzake. Kwenye mwanya huo, Bibi Zamu alimruhusu yeyote mwenye kazi fupi, hata awe wa mwisho, mradi atoke kabla wenyewe hawajafika.

"Ila taja muda wa kweli. Ukipitiliza, anakukata katikati ya neno."

Alasiri nzima waliikata kazi vipande elfu nne, kila kimoja saa moja ya msitu, wakakiombea dakika kumi za mashine. Kisha viboksi vya buluu vikaanza kuwaka kwenye skrini, hapa kimoja, pale vitatu. Dada alijifunika koti la mdogo wake, sauti yake ikawa ya mtu aliye nusu usingizini: hiki labda kinasikiliza alfajiri ya bonde la kwanza, kile adhuhuri ya la pili. Miezi ya msitu ilipita chumbani kwa pamoja, jua na ukungu, na mtunzaji alihisi kana kwamba majani yanamgusa shingoni.

Jumanne vipande vilikwisha. Ndege hakuwamo.

"Basi," dada alisema. "Nimekubali."

"Vipo sitini na kimoja alivyovikata Bibi Zamu kabla havijamaliza." Mtunzaji alipitisha kidole kwenye tarehe. "Dada, siku hizi zote, mvua ilinyesha?"

Dada alitazama, akapaza sauti: zote! Mvua ina kelele. Kuichambua huchukua muda zaidi. Walivituma tena, dakika ishirini kila kimoja, lakini watu wa hali ya hewa walikuwa wameshaingia na mianya imezibwa. Ikabidi wangoje kama wengine, Jumatano kutwa, na Alhamisi mpaka saa tisa mchana.

Sauti waliyoipata ilikuwa ya sekunde tisa. Mvua inakatika, matone yanadondoka jani hadi jani, halafu noti tatu za wimbo zinashuka, laini, kama mtu anayeteremka ngazi pekupeku.

"Rudisha," dada alinong'ona. Aliisikiliza mara sita, kisha akaketi sakafuni, akalia na kucheka. "Bonde la tatu."

Gari liliondoka Ijumaa. Mvua zilifunga njia, na kwa wiki tano hakukuwa na habari. Kisha simu ya mtunzaji ikalia, ukaingia ujumbe mmoja uliotumwa kutoka kilima chenye mtandao: "Wako wawili, mdogo wangu. Jana nimewaona wakibeba vijiti."