Rafu ya Wote

Kazini walimwita Chapuchapu, na jina likamkaa. Ukurasa wa kompyuta ambao wenzake wangeuhangaikia siku tatu, yeye aliumaliza kabla chai haijapoa, kisha akazunguka ofisini kuwatania waliobaki nyuma. Ndiye aliyetengeneza ukurasa wa wagonjwa wa hospitali kuu, ule ambao muuguzi lazima aufungue upya kila mara kabla ya kutoa dawa. Unaonyesha jina, umri, na chini yake mstari mmoja: mzio, yaani aleji ya dawa.

Alhamisi asubuhi mdogo wake alimpigia simu.

"Dada, usishtuke. Mama tumemleta hospitali, kifua kimembana tangu jana. Wanasema nimonia. Hata kuongea hawezi, anahema tu. Sasa hivi wanamwandalia sindano ya penisilini."

Chapuchapu akainuka kitini. "Wameuliza kama ana aleji?"

"Muuguzi ameangalia kwenye kompyuta, imeandikwa hana. Ngoja, naitwa dirisha la malipo, na humu wodini simu wanataka tuzime sauti. Nitakupigia."

"Subiri! Mama—"

Simu ilishakatika. Akapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena. Simu ya wodini nayo ilikuwa inatumika.

Mdogo wake angejuaje? Mwaka ule Mama alipodungwa penisilini akavimba uso na koo likaziba, yeye alikuwa bado ananyonya. Chapuchapu alikuwa na miaka tisa, na aliona kwa macho yake jinsi mama yao alivyokuwa akitafuta pumzi. Mama mwenyewe hakupenda habari za maradhi, kwa hiyo haikuzungumzwa tena nyumbani. Daktari alisema ikirudiwa hatapona.

Lakini hiyo kompyuta imejulia wapi kwamba hana? Faili la Mama limefunguliwa leo. Mstari ukiwa mtupu, ukurasa hutoa herufi nyekundu: HAIJULIKANI, MUULIZE NDUGU. Ndipo alipoikumbuka Jumatatu.

Kiolezo cha ukurasa chenyewe hakijui kitu, ni kama fomu yenye nafasi za kujaza. Kikifika penye neno "mzio", freimuweki ya Java, yaani programu inayozijaza nafasi hizo, hulitafuta neno hilo kwenye rafu zake za kumbukumbu: kwanza rafu ya ombi la sasa hivi, yaani ya mgonjwa anayefunguliwa, kisha rafu ya mtumiaji aliyeingia, mwisho rafu ya wote, ambayo kila anayefungua mfumo huiona. Ukitaja rafu, itaangalia hapo tu. Usipotaja, itapekua zote mpaka iokote kitu. Mkuu wao, mzee waliyemwita Kobe kwa jinsi alivyokagua kila mstari mara tatu, alikuwa na wimbo mmoja: "Taja rafu, mwanangu." Chapuchapu aliona ni kupoteza herufi, hakuitaja.

Na Jumatatu, wakubwa walipokuja kuonyeshwa mfumo, aliona zile herufi nyekundu zinaharibu sura ya ukurasa. Akaweka "Hana mzio" kwenye rafu ya wote, kwa nusu saa tu. Wakubwa wakapiga makofi, yeye akaenda kula, akasahau kuliondoa. Siku tatu sasa kila mgonjwa ambaye hakuulizwa alisomeka kuwa hana mzio.

"Mzee, nimeua," alisema, na sauti haikuwa yake.

Akamweleza Kobe kwa maneno machache. Kobe hakugomba. Akavuta kiti.

"Hospitali ni nusu saa kwa gari. Huwahi. Ingia ukurasa wa wasimamizi, ulifute hilo neno."

Akaandika nywila. Imekosewa. Akaandika tena mbio mbio. Imekosewa. Ya tatu ikikosewa mfumo ungemfungia nje dakika kumi, na nywila ya Kobe haikuwa na ruhusa ya rafu ile.

"Polepole," Kobe alisema. "Herufi moja moja. Itamke."

Hakuna siku aliyoogopa hivyo. Kila herufi aliyobonyeza aliona mkono wa shati la Mama unapandishwa, pamba inapita juu ya ngozi. Alibonyeza, akaitamka, akaitazama, ndipo akabonyeza nyingine. Ukurasa ukafunguka. Akalifuta neno.

Kisha wakakaza macho kwenye simu. Dakika ya kwanza. Ya pili. Labda muuguzi alishaufungua ukurasa kabla. Labda sindano ilishaingia. Chapuchapu aliomba Mungu bila kupanga maneno.

Simu ikatetemeka mezani.

"Dada, wamesitisha sindano. Muuguzi anasema kompyuta imegeuka nyekundu, anauliza eti Mama ana aleji ya dawa gani?"

"Penisilini!" alipiga kelele. "Mwambie penisilini! Aandike mbele yako!"

"Kumbe? Mbona hamkuniambia?"

Chapuchapu alilia mpaka kamasi zikamtoka, na hakuona haya. Kobe alimwachia alie. Alikuwa amegeukia mashine yake, anachambua kumbukumbu za mfumo taratibu kama kawaida yake, na alipomaliza alichapa karatasi akaiweka mezani. Tangu Jumatatu, waliopewa dawa huku mstari wao ukiwa mtupu: sitini na watatu. Kando ya kila mmoja, namba ya simu ya ndugu.

"Hospitali nimewaarifu, wameshaanza na waliolala wodini," alisema. "Walioruhusiwa tugawane sisi. Wewe anzia juu."

Wa juu kabisa alikuwa mwanaume aliyedungwa penisilini Jumatatu jioni akarudishwa nyumbani. Chapuchapu akapiga namba, moja moja, akiitamka kila moja. Ikaita mara tano.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, imekauka.

"Samahani, dada. Napiga kuhusu mgonjwa wenu wa Jumatatu. Anaendeleaje?"

Upande wa pili mwanamke alivuta pumzi, kisha akauliza, "Kwani wewe ni nani?"