Kifungo cha Shati Mezani kwa Waamuzi

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika, na safari hii siwezi kumsingizia meneja. Nilichomoa kifungo cha mkono wa shati langu nikakiweka juu ya picha za mtu nisiyemjua.

Mimi ni mpanga meza wa ukumbi. Zamani nilikuwa seremala wa jukwaa, mpaka meneja akatangaza kwamba kamati imeamua majukwaa yatanunuliwa yakiwa tayari. Kamati hiyo sijawahi kuiona hata kivuli. Kila baya linalotupata huwa imeliamua yenyewe, kwa hiyo sisi wafanyakazi tumemwita meneja Kamati, na nadhani anajua.

Mwaka huu Kamati alituletea mashindano ya kimataifa ya vijana wapiga picha, wasiozidi miaka ishirini na mitano. Waamuzi walikuwa watano. Wawili hawakusema neno kwa siku tatu nzima, hao siwahesabu. Kila kijana ameleta picha sita, zimechapishwa kwa ukubwa wa daftari, nyuma zina namba, jina hakuna. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga kwenye meza, mafungu mia mbili na kumi, halafu kunyamaza.

Mwamuzi mmoja anapewa vifungo ishirini vya rangi yake, vile vya kawaida vya nguo. Anapita kimya, na fungu likimgusa anaacha kifungo juu yake. Wakimaliza napita mimi. Fungu lenye vifungo vitatu au zaidi linabaki. Lililopungukiwa nalilaza kifudifudi, linaingia kwenye boksi, na boksi linakwenda kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Majina yamo ndani ya bahasha, kila mtu na yake, na ya aliyeshindwa haifunguliwi kamwe. Wanasema ni heshima kwa kijana. Mimi nikaona sawa, hayanihusu.

Nikafika meza ya saba, fungu namba mia na sitini na tatu, nikamkuta mke wangu.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Alikaa kwenye benchi la hospitali siku mbili akimsubiri daktari ambaye wakubwa walikuwa wamempeleka semina. Picha niliyobaki nayo ni ya kitambulisho, tuliyoikuza siku ya msiba, na kwenye kitambulisho wakubwa wanakukataza hata kucheka. Kwa hiyo ukutani kwangu yuko mwanamke aliyenuna, na mgeni akiingia ananitazama kama niliyemtesa.

Hapa alikuwa mlangoni mwa udobi alikofanya kazi, na aproni yake, mikono imekumbatia rundo la mashuka, kichwa kakitupa nyuma, anacheka mpaka pengo la jino linaonekana. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kwa sababu ya pengo lile. Hata mbele yangu. Siku hii mashuka yalimzuia, au alisahau, sijui. Na macho yake hayakuitazama kamera. Yalikuwa yanamtazama mtu.

Juu ya fungu kulikuwa na vifungo viwili tu.

Ningeweza kuiiba picha, nilifikiria. Lakini karatasi isingeniambia alikuwa anacheka nini. Aliyejua ni mpigaji, na mpigaji alikuwa ndani ya bahasha. Vifungo vya mwenyekiti wa waamuzi vilikuwa vyeupe. Vya shati langu pia.

Mwenyekiti alikuwa mama mrefu, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni, na kumbe ni mtu wa kuhesabu.

"Nilipewa ishirini," alisema. "Mkononi nimebaki na vitatu. Mezani nakuta kumi na vinane. Nani anisaidie?"

"Hongera, mama, vimezaa," alisema mzee mmoja kati ya waamuzi, mpiga picha mkongwe anayechechemea goti.

Mwenyekiti hakucheka. Alirudi meza hadi meza, akiinua kimoja kimoja na kukiweka machoni. Meza ya saba akasimama.

"Changu kina matundu manne. Hiki kina mawili. Na bado kina uzi."

Wote wakanitazama. Mkono wa shati langu ulikuwa unapepea kama bendera.

Kamati aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Waheshimiwa, samahani sana, kamati itakaa. Huyu mzee wetu kaishia darasa la nne, kusoma kwenyewe kwa shida."

"Kifungo hakisomwi," alisema mhariri wa gazeti, mwanamke kijana, mwamuzi wa tatu kati ya wanaosema.

"Huyo kwenye picha ni mke wangu," nikasema. "Marehemu."

Mzee wa goti akasogea taratibu, akainama juu ya picha muda mrefu.

"Pole sana, ndugu yangu. Alikuwa anacheka nini?"

"Ndicho ninachotafuta. Picha ikiingia mashineni, sitajua mpaka nakufa."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua. "Kaka, nisikilize. Siwezi kuipitisha kwa sababu ni mkeo, ingekuwa kuwaibia wengine wote. Na siwezi kuikata kwa sababu ya kifungo chako, maana mtoto wa watu hakukutuma. Tutaitazama upya kana kwamba hujaigusa. Wewe toka nje."

Nikatoka. Kamati alinifuata mpaka kwenye korido kuniambia kwamba barua yangu ataiandika leo leo. Nikamwambia aiandike kwa herufi kubwa. Mlango wa ukumbi ule haufungi vizuri tangu waliponitoa kwenye useremala, na kwa mara ya kwanza nikawashukuru wakubwa kwa uzembe wao, maana nilisikia kila neno.

"Picha moja nzuri ni bahati," mwenyekiti alikuwa anasema. "Hata mimi simu ikiniponyoka inaweza kupiga moja. Haya, na tano zilizobaki? Huyu kakatwa sikio. Huyu ni kidevu na hewa. Hii sijui hata ni nini."

"Ni kiwiko," alisema mhariri. "Zitazame zote kwa pamoja, dada. Zimeharibika kwa namna moja. Kila mahali kasogea karibu mno."

"Basi hajui kazi."

"Hajui, nakubali. Mwanga atafundishwa. Lenzi atafundishwa. Kumsogelea mtu usiyemjua mpaka pumzi yake ikuguse, na yeye asijikaze, hilo utamfundisha wewe?"

"Mimi sikufundishwa na sikujua," mzee akaingilia. "Miaka arobaini napiga picha. Watu wangu wote wamesimama kama wanaosubiri sindano."

Kicheko kikaja, hata wale wawili mabubu nikawasikia.

"Na yule wa milima, meza ya kwanza?" mwenyekiti akauliza. "Nyie nyote mmemwekea."

"Milima yake ni safi kabisa," alisema mhariri. "Rudi baada ya miaka kumi, utaikuta milima ileile."

Wakabishana robo saa nzima. Kamati naye alikuwa ameacha kuniwazia barua, sikio lake liko kwenye upenyo juu ya langu, tumebanana kama wapangaji wambea. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wakubwa, wenye vyeo, wanagombana kwa sauti hiyo kwa ajili ya mtoto ambaye hata jina lake hawalijui. Nawaambia ukweli, ilinipunguzia kitu kifuani.

Mwishowe ikaja sauti ndogo ya kitu kigumu kugonga meza.

"Hicho ni changu," alisema mwenyekiti. "Matundu manne. Hesabuni."

Kamati alinishika bega kwa furaha, kisha akakumbuka cheo chake akaniachia.

Alhamisi walichagua vijana kumi na wawili wenye vipaji vya kufuatiliwa, na mia na sitini na tatu akawa wa kumi na mbili. Wa milima akawa wa kwanza. Sina neno naye. Bahasha ikafunguliwa. Mpigaji alikuwa fundi simu, binti wa miaka ishirini, na kibanda chake kiko mitaa miwili tu kutoka ukumbini. Dunia nzima imeleta picha, na yeye ningeweza kumwita kwa kupiga mluzi.

Alikuja Jumamosi, vidole vimeungua ungua kwa kuunga waya. Kamera yenyewe aliikuta imekufa, akaifufua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ulimwambia nini akacheka vile?"

"Mimi? Sikumwambia kitu. Hakuwa ananiangalia mimi hata kidogo. Kulikuwa na mtu nyuma yangu."

"Mtu gani?"

"Sikugeuka, baba. Ningegeuka ningeikosa."

Nilitaka kukasirika. Nikamtazama alivyosimama, karibu mno kama kawaida yake, pua yake inakaribia kugusa kola yangu, nikacheka mwenyewe.

"Hukusikia hata sauti?"

"Nilisikia kishindo. Halafu mtu akasema neno ambalo siwezi kulirudia mbele ya mzazi."

Jumatatu nikaipeleka udobini nakala aliyonipa. Wanawake wote waliacha kazi wakaizunguka, na mpiga pasi akawa wa kwanza kudai.

"Alikuwa ananicheka mimi. Siku ile niliyoteleza na beseni la maji."

"Wewe uliteleza ndani, kwenye sabuni," alisema shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye hufua hapo hapo. "Huku ni nje. Dada alikuwa ananicheka mimi, nilipomwigiza msimamizi nikagonga mlango kwa paji la uso."

"Na neno baya?"

"Nililisema. Nililisema mara mbili."

"Ulilisema siku ngapi tangu uzaliwe?" akauliza mpiga pasi, kisha akanigeukia. "Na wewe, shemeji wa watu. Hukuwa ukija kumchukua na baiskeli?"

"Nilikuwa nikija."

"Ilikuwa na breki?"

"Breki ilikuwa mbele. Kidogo."

"Ukianguka husema nini?"

Walicheka mpaka foronya ya mteja ikaungua kwenye pasi, na hakuna aliyejali. Shemeji alicheka huku amefunika mdomo, na yeye meno yake yote yapo. Sikuwa nimesikia kelele kama ile tangu msiba, na nilikuwa katikati yake.

Mwanamke aliyenuna nimemshusha ukutani, nimempandisha huyu. Binti wa simu hakumbuki tarehe. Mimi nimeanguka na baiskeli ile mara nyingi, mlangoni pale pale, na kila mara niliinuka nikimkuta kiganja kiko mdomoni, ananiuliza kama nimeumia. Lakini mtu aliyeanguka hutazama chini kwanza, anatafuta kiatu chake, na kicheko cha kwanza kinampita. Sasa siku ile, nyuma ya yule binti, ni nani aliyekuwa chini?