Mfuko wa Viatu

Aliyelichora jumba lile la maduka juu ya stesheni hakuwahi kusubiri treni maishani mwake. Chini, kwenye majukwaa, hakuweka hata kiti kimoja. Mabenchi yote aliyapandisha juu, mbele ya maduka, ili msafiri aliyechoka apande ngazi za umeme, akae, na akiinua macho aone viatu na manukato. Wasafiri walipanda kweli, ila hawakununua kitu. Walikaa, wakavua viatu vyao, wakasinzia. Basi wenye jumba wakatoa amri kwamba benchi ni la mteja, na msafiri anayelala aamshwe na kuteremshwa.

Kazi hiyo ya kuamsha watu ilikuwa ya walinzi. Mmoja wao aliitwa Mjomba na kila mtu, hata na mkuu wa zamu aliyemzidi umri. Mjomba alikuwa na kifua kipana na sauti nzito, na wezi walimkwepa, lakini kumwamsha mtu aliyechoka kulimshinda kabisa. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba huruma hiyo itamponza, naye humjibu kwamba wanaoponzwa na roho mbaya ni wengi zaidi.

Akabuni ujanja. Mkuu wa zamu hushinda kwenye chumba cha kamera, na kutoka kule hatambui nani mteja nani si mteja ila kwa mfuko. Mwenye mfuko wa duka miguuni huachwa asinzie atakavyo. Kwa hiyo Mjomba aliokota mifuko iliyotupwa, akaijaza karatasi zilizofinyangwa mpaka ikasimama, akaificha nyuma ya mtungi wa kuzimia moto. Akiona mtu amechoka sana, humwekea mmoja miguuni na kwenda zake.

"Nimempandisha cheo," humwambia dada wa usafi, na dada huyo hucheka akiendelea kupiga deki.

Mchana ule aliyepandishwa cheo alikuwa mzee wa koti la kijivu, ameegemea benchi lililotazamana na duka la viatu. Kichwa kilikuwa kimelala begani, na paji la uso lilimlowa jasho. Mjomba alimwinamia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alifumbua macho nusu. Midomo ikacheza, sauti isitoke. Mjomba aliona ni uchovu wa safari na joto la umati, akamhurumia kama baba yake mzazi.

"Pumzika, baba. Hapa hakuna atakayekusumbua."

Akachagua mfuko mzuri kuliko yote, wa duka lile lile la viatu, akausimamisha katikati ya miguu ya mzee. Hapo redio yake ikamwita: madereva wawili walikuwa wanataka kuzipiga kwenye maegesho ya chini. Akashuka, na kule chini ya ardhi redio haishiki kitu.

Ugomvi ule ulimchelewesha. Madereva wenyewe walikuwa watu wazima wenye akili za kugombea kivuli. Alipowapatanisha na kupanda tena hadi ukumbi wa stesheni, alikuta kipaza sauti kinatangaza, na kwa jinsi mtangazaji alivyochoka, alijua tangazo limerudiwa mara nyingi.

"Anatafutwa mzee aliyevaa koti la kijivu. Ni mgonjwa wa kisukari. Hana mzigo wowote."

Kwenye dirisha la tiketi mwanamke mmoja, mabegi yamemning'inia mabega yote mawili, alikuwa anamweleza mlinzi mwingine yale yale aliyokwisha kuwaeleza wote.

"Nilimwacha baba hapa nikapanga foleni. Alichoma sindano yake asubuhi na hajala. Sukari ikimshuka hawezi hata kusema. Anataka kitu kitamu tu, soda inatosha." Soda yenyewe alikuwa ameishika, imeshafunguliwa.

"Kamera zimepekuliwa zote, dada," mlinzi alisema. "Mzee asiye na mzigo hayupo."

Mjomba hakungoja. Alipanda ngazi za umeme akiwapiga watu vikumbo, na yule mwanamke, aliyemwona anavyokimbia, akamfuata bila kuuliza. Juu, maduka yalikuwa yamejaa kama kawaida. Watu walipita mbele ya lile benchi na mifuko yao ya ununuzi. Dada wa usafi alikuwa anapiga deki kuzunguka miguu ya mzee, taratibu, asiulowanishe mfuko.

Mkono wa mzee ulikuwa wa baridi. Mjomba aliuminya, akamwita baba, akamwita tena. Mwanamke alipiga magoti na kumwekea soda mdomoni, nayo ikatiririka kidevuni mpaka kwenye koti. Mfamasia alitoka dukani kwake, akamshika mzee shingo, akakaa hivyo kitambo, kisha akasimama akitikisa kichwa.

Mkuu wa zamu alifika akihema. "Huyu nimemwona kwenye kamera," alisema. "Nimemwona na kumpita. Si mlisema hana mzigo?"

Binti aliutazama mfuko kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Akauvuta kwake.

"Baba," alisema. "Asubuhi alinitania kwamba viatu vyangu vinacheka. Alisema siwezi kwenda kuanza kazi nimevaa viatu vinavyocheka." Akaukumbatia mfuko kifuani. "Kumbe ndiko alikokwenda."

Mjomba angeweza kunyamaza. Mkuu wa zamu alikuwa bado hajaelewa, na dada wa usafi alikuwa ameinamia ndoo yake, halii wala hainui uso. Lakini binti alikwisha kutia mkono ndani ya mfuko. Akatoa karatasi iliyofinyangwa, kisha nyingine.

"Mwanangu," Mjomba alisema, na ile sauti yake nzito haikutoka vizuri. "Usitafute. Hamna viatu. Huo mfuko niliuweka mimi."

Hakumsikia, au alisikia na kukataa. Aliendelea kutoa karatasi na kuziweka moja moja kwenye mapaja ya baba yake, bila haraka, maana viatu hukaa chini kabisa, na Mjomba alikuwa ameujaza mfuko ule vizuri sana.