Vibao vya Bibi Lindorfer

"Andika," Bibi Lindorfer aliniambia, akigonga meza kwa kidole. "Andika kwamba Zauner hakuja kunionya."

Nilikuwa jikoni kwake, daftari mapajani. Makumbusho ya mji wetu yanatayarisha kitabu kidogo cha mafuriko ya mto Inn, mpakani mwa Austria yetu na Bavaria ya Ujerumani, na kwa kuwa nimesoma historia chuoni, nimepewa kazi ya kupita nyumba hadi nyumba kukusanya kumbukumbu. Nyumba yake nilikuwa nimeiacha ya mwisho.

"Tuanze na vibao vyenyewe, bibi."

"Sauti, Burgi! Hata paka wangu ana sauti kukushinda."

Akanieleza, ingawa hakuna mtu wa mtaa huu asiyejua. Vilikuwa vibao arobaini na kimoja vya mti wa peasi, vilivyochongwa na wazee wa mumewe, waoka mikate ya asali. Ukikandamiza donge la unga juu ya kimojawapo, linatoka na umbo la mpanda farasi, au la mtoto aliyeviringishwa katika nguo.

"Vya kwanza vilichongwa tukiwa Wabavaria," alisema. "Wakubwa wakatia saini, tukaamka Waustria. Tukarudishwa, tukachukuliwa tena. Sisi tunaoka tu. Mwaka 1809 vita vikauchoma mji, vibao vikaokolewa ndani ya beseni la kufulia. Mafuriko ya 1954, mama mkwe akavipandisha darini akiwa na mimba ya miezi saba. Vikaja kupotea mikononi mwangu! Kwa sababu ya Zauner. Andika jina lote: Koloman Zauner, wa zimamoto."

Niliandika Z. Kalamu ikasimama hapo.

Jumapili ile ya mafuriko ya Juni 2013 nilikuwa na miaka kumi na sita. Hapa kwetu mto ukianza kupanda, watu wa zimamoto, ambao ni majirani tu wanaojitolea, hubisha mlango kwa mlango, maana mtu akiambiwa uso kwa uso hapuuzi. Mtaa wetu ulikuwa wa Bwana Zauner. Mchana alinikuta njiani, gunia la mchanga begani.

"Burgi, mkimbilie Bibi Lindorfer. Mwambie maji ya leo si ya mchezo, apandishe kila kitu juu. Mwambie mwenyewe, umenisikia?"

Nilifika. Nikabonyeza kengele mara moja. Ndani nilisikia vicheko vya wageni na vijiko vikigonga vikombe. Nikajiona nikiingia nimelowa chepechepe, macho yote kwangu. Nikajiambia kwamba atasikia redioni. Nikaondoka.

Jioni dada yake Bibi alimchukua wakalale kwake, juu kilimani, vitu vyote vikabaki mahali pake. Kulipopambazuka maji ya kahawia yalikuwa yamefika kwenye vitasa vya milango, na vibao vilivyokuwa katika ghala la chini vilikuwa njiani kuelekea mto Danube.

Bibi alipomuuliza mbele ya watu kwa nini hakuja kumwonya, Bwana Zauner alinitazama kidogo, kisha akasema, "Kosa ni langu. Nilichelewa." Hakuniuliza neno, siku hiyo wala baadaye. Tangu hapo Bibi Lindorfer humpita sokoni kama anayepita nguzo. Mkewe Zauner alipofariki, Bibi hakwenda mazishini. Mimi nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa, nikaondoka kabla ya kumpa mkono.

"Umelala?" Bibi aliuliza.

"Siwezi kuandika jina lake."

"Kwa nini? Amekuhonga soseji?"

"Alinituma mimi, bibi."

"Alikutuma wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi mwanzo, nikalia. Sauti ilitoka ndogo kuliko kawaida, lakini safari hii hakunidai niipandishe.

Halafu akauliza, "Kengele ulipiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Niliisikia." Alikuwa akitazama mikono yake. "Nikamwambia dada, aah, kama ni jambo la maana atapiga tena."

Nikafunga daftari.

"Usidhani nakwambia hivyo ili ujisikie vizuri," alisema. "Ungepiga tena."

"Ndiyo, bibi."

"Miaka kumi na moja! Mke wa Koloman nilikaa naye dawati moja shuleni. Sikumpelekea hata ua." Akainuka, akachukua koti lake nyuma ya mlango. "Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwake. Wewe utasema yako, mimi nitasema yangu. Na utasema kwa sauti, asije akadhani umekuja kuomba chumvi."

Njia ya kwenda kwa Zauner inapanda, na mawe yake yanateleza. Alinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma.

"Umenisamehe, bibi?"

"Sijui. Usiniharakishe."

Bwana Zauner alikuwa uani akipasua kuni. Alipotuona pamoja aliweka shoka chini, akavua kofia, akaishika kifuani. Nywele zake zilikuwa zimeisha. Nilikuwa sijawahi kumtazama kwa karibu hivyo tangu siku ile.

"Bwana Zauner," nilianza, "ile Jumapili..."

"Aah, Burgi, achana na mambo hayo," alisema upesi. "Ya zamani."

"Mwache aseme, Koloman," alisema Bibi Lindorfer.

Nikasema.