Sauti Iliyosafishwa

Mimi ni dobi, na dobi hana kinyaa. Miaka ishirini na mbili nimefua mashuka ya wagonjwa, aproni za wachinjaji, na kola za watu wazima wasiojua sabuni. Kwa hiyo nikikuambia kwamba Jumamosi ile, saa tisa alasiri, nilisimama katikati ya studio ya muziki nikataka kutapika, ujue si mtu wa kudeka anayesema.

Aliyenialika ni mdogo wangu, ndugu yangu wa pekee. Mama alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Jukwaani anajiita Taratibu, na jina limemkaa, maana mama aliugua miezi saba kwenye chumba cha nyuma ya duka langu na yeye hakufika hata mara moja. Tena anakaa mabasi mawili tu kutoka kwangu! Nikimpigia simu: "Dada, niko studio, tunamalizia albamu." Siku ya mazishi alikuja na miwani ya jua, akalia kuliko waliomwogesha. Sikumsema. Nilijikaza kisabuni, nikaendelea kupanga viti.

Miezi minne baadaye akaingia dukani na karatasi mkononi, anang'aa meno.

"Dada, albamu yangu ya kwanza imekamilika. Rege ya kutuliza roho, ndani yake hip-hop. Inatoka Jumatatu. Na mama yumo!"

"Mama yumo vipi?"

"Sauti yake. Ile aliyonitumia kwenye simu alipokuwa anaumwa. Utalia, dada. Sasa wasambazaji wanataka watoto wote wa marehemu wasaini, ndiyo waitoe. Bado wewe tu."

Pasi ilikuwa mkononi, nikaiweka pembeni nisije nikaunguza shati la watu. Hakuna aliyejua, lakini simu ya mama ilikuwa imeingia maji wiki ile ile ya msiba, ikafa na kila kitu chake. Sikuwa na hata neno lake moja. Usiku mwingine nilijaribu kuikumbuka sauti yake ikawa inakuja nusu, kisha inapotea. Na kumbe huyu alikuwa nayo muda wote!

"Sisaini nisichokisikia," nikamwambia.

Ndivyo nilivyojikuta studio. Kuta zilibandikwa trei za mayai, pazia limefungwa mchana kweupe, taa ya zambarau inawaka, na zulia linanuka soksi na marashi kwa pamoja. Vijana kama tisa walikaa chini wamevua viatu. Mdogo wangu alivaa suti nyeupe ya kitani, na kwenye pindo la mkono niliona doa la mchuzi. Kwenye mitambo alikaa fundi, bwana mnene mpole mwenye kandambili, anatafuna karanga.

Nitasema ukweli: nilitaka iwe nzuri. Nilikuwa na karatasi yake mkononi na kalamu tayari kwenye pochi.

Wakapiga albamu nzima. Besi inatembea polepole, gitaa linadokoa kirege, ngoma za hip-hop chini, na juu yake kitu laini kinakwenda hhss, hhss. Watu wakafumba macho, wakawa wanayumba. Binti mmoja akasema, "Inatuliza jamani, kama mtu anakupepea." Kwenye wimbo wa saba muziki ukapungua, na mama akasema:

"Mwanangu, nakuombea kila siku. Sina kinyongo na wewe."

 Ilikuwa sauti yake hasa, lakini imenyooshwa, haina mkwaruzo, kama mtu aliyekula akashiba. Kabla sijaimeza vizuri mdogo wangu akadandia na mistari yake: *Mama hana kinyongo, nalala usingizi wa pono.* Vijana wakapiga makofi.

Usingizi wa pono! Mimi niliyelala sakafuni miezi saba, sikio moja wazi!

Nyimbo zilipokwisha, fundi akanigeukia, anataka sifa zake. "Dada, sauti ilikuja chafu hiyo. Vikohozi, beseni linagongwa, na mwanamke mmoja anasemasema nyuma. Nimesafisha siku tatu."

"Huyo mwanamke ni mimi," nikamwambia.

Karanga zikamsimama mdomoni. Nikauliza jambo lililokuwa linanikera tangu wimbo wa kwanza. "Na hicho kinachokwenda hhss, hhss, ni chombo gani?"

Mdogo wangu akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Ni yeye, dada. Pumzi yake. Fundi aliikata akaigeuza kayamba. Imo kwenye nyimbo zote kumi na moja. Mama anapumua kwenye albamu nzima!"

Loo! Pumzi ile naijua. Nimeihesabu mgongo wangu ukiwa ukutani, mama nimemwegemeza mito mitatu, nikisubiri ya pili ifuate ya kwanza. Mwanamke alikuwa anatafuta hewa. Na hawa walikuwa wamekaa saa nzima wanaitikisia vichwa! Nikasimama katikati yao. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hata wao sidhani walifikiria haya.

"Fungua ile yenyewe," nikamwambia fundi. "Yote, kama ilivyokuja."

"Haina haja, dada," mdogo wangu akadakia. "Mwishoni ni makelele tu."

"Basi tafuta mwingine wa kukusainia."

Akamtazama fundi, fundi akabonyeza. Ilikuwa na dakika tatu.

"Mwanangu, nakuombea kila siku. Sina kinyongo na wewe." Kikohozi, kirefu, kile chenye kamasi, mpaka binti mmoja akaziba mdomo. "Lakini njoo. Usilete kitu, njoo mikono mitupu."

Kisha sauti yangu, kwa mbali, na beseni: "Mama, inua mkono nikufute. Unamrekodia nani? Acha bwana, hatakuja huyo."

"Atakuja. Wewe humjui, mimi ndiye niliyemzaa." Akavuta hewa. "Kitinda, njoo hata dakika tano. Dada yako amechoka, mgongo unamuuma ila hasemi. Nikiuona uso wako tu nitalala. Mlango wa nyuma nimemwambia asiutie komeo, ukifika usiku usukume tu."

Halafu basi, hakusema tena. Hakujua namna ya kuzima. Dakika nzima iliyobaki ni hhss, hhss, yeye na ile simu kifuani, akiipapasa mpaka ikajituma.

Kuhusu komeo ni kweli. Aliniambia na sikulitia. Hata baada ya kumzika niliendelea kuurudisha mlango tu, sijui kwa nini.

 Mdogo wangu alikuwa amekaa chini na suti yake nyeupe.

"Hiyo sikuisikia," akasema.

"Hukuisikia vipi, na ilitumwa kwako?"

"Nilisikiliza mwanzo. Aliposema hana kinyongo, nikaona basi, amani ipo. Nikasema nitamalizia baadaye."

Fundi akashusha macho. "Kaka, mimi nilidhani unajua. Nilidhani uliniambia nikate kwa sababu unajua."

Machozi yakamtoka, na si ya mamba, ya kweli, yanadondokea kitani. Na mimi mjinga, damu ikanivuta. Nikasogea nikamwekea mkono begani kama tulipokuwa wadogo. Angesema tu "nisamehe dada", naapa ningesaini pale pale, pumzi na yote.

Akafuta pua kwa mkono wa suti. Akamgeukia fundi.

"Hebu rudisha pale aliposema 'atakuja'. Hapo hapo. Tukitoa kikohozi, halafu besi iingie chini polepole... Mwanangu, hiyo ndiyo inafunga albamu!"

Nikatoa mkono wangu begani kwake, nikaufuta kwenye gauni. Mara mbili nikaufuta.

"Fundi," nikasema, "nitumie mimi hiyo ndefu. Na kikohozi chake, usiguse."

Akatuma bila kumwangalia mwenzake. Nikaikunja karatasi, haina saini, nikaitia kwenye pochi pamoja na kalamu, nikavaa viatu.

"Dada! Inatoka Jumatatu! Nimeihangaikia miaka mitano!"

"Mama alihangaika miezi saba," nikamwambia. "Wala yeye hakupata wa kumsafishia kikohozi."

Nilifika dukani jua bado halijatua. Mashati ya watu yalikuwa yananingoja. Niliketi juu ya kitanda cha mama, nikaisikiliza mara moja, mwanzo hadi mwisho, na ile dakika nzima ya pumzi. Kisha nikainuka, nikaenda kwenye mlango wa nyuma, nikatia komeo.